Daftari la Kifua cha Slesi

Mwanangu wa kwanza watu wanamwita Slesi. Jina hilo alipewa na wenzake shuleni kwa ajili ya wembamba wake; walisema ukimtazama kwa ubavu humwoni. Alipokua akaingia kazi ya kuoka mikate, jina likamkaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake.

Miaka tisa alifanya kazi kwenye ile bekari. Ni chumba kimoja kirefu chenye tanuri mbili, meza ya bati na mashine ya kukandia yenye sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea. Slesi ndiye aliyekuwa akichana mdomo wa gunia, akimimina unga kwenye mashine, akiongeza chumvi, hamira na poda fulani ya kulainisha mkate, kisha akiinamia hapo mpaka donge likamatane. Unga ukimwagwa unapanda kama ukungu. Alikuwa akifika kwangu na nyusi nyeupe, nami namwambia, "Karibu, babu." Alijivunia kazi yake. Alibonyeza donge kwa kidole kimoja akajua kama maji yamezidi, na sijasikia hata siku moja kwamba alikosea.

Mwaka juzi alianza kupiga chafya. Macho yakawa yanamwasha, pua inatiririka. Baadaye kikaja kikohozi, na baada ya kikohozi kifua kikaanza kulia kama filimbi ya mbali.

"Ni vumbi tu, mama," aliniambia. "Kawaida."

Mimi nilizaa watoto watatu, nikamzika mmoja kwa homa ya siku tatu ambayo kila mtu aliniambia ni ya kawaida. Tangu hapo mtu akiniambia "kawaida" natafuta viatu vyangu.

Bekari ilimpa mapumziko Jumapili na Jumatatu, na siku hizo alizoea kuja kwangu peke yake, kwa sababu mkewe ni fundi cherehani na Jumapili ndiyo siku yake yenye wateja wengi. Jumapili asubuhi Slesi alifika kifua kikilia. Ikifika jioni anacheka. Jumatatu yuko juu ya paa langu anagongelea bati huku anaimba. Jumanne anarudi kwake na kazini, na Alhamisi nikimpigia simu namsikia akivuta pumzi katikati ya maneno.

Nikajiuliza: kwangu anapona, kwake anaugua. Kwake kuna nini? Kwake kuna mke.

Huyo mkwe wangu ni mtu mkimya. Hagombani, na mimi mtu asiyegombana simwelewi. Ukimsema mtu akanyamaza, yale maneno ameyaweka wapi? Tena alikuwa na tabia ya kumfunikia mumewe chai kwa kisahani. Chai ya kufunikwa ina siri gani? Na kwenye rafu, karibu kabisa na majani ya chai, palikuwa na kichupa kidogo kisicho na karatasi ya jina, kina kitu cha majimaji cheupe. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotangulia, nami nikaanza kupekua.

Kitinda mimba wangu alipomaliza shule aliacha daftari la hesabu lenye miraba. Nikapiga mstari katikati ya kila ukurasa. Upande mmoja niliandika KWAKE, upande wa pili KWANGU. Kila siku nilimpigia simu Slesi, nikamuuliza mambo mawili tu, kifua na chakula, kisha nikaandika "nzuri" au "mbaya." Baada ya miezi mitatu hata kipofu angeona. Upande wa KWANGU ulijaa nzuri, upande wa KWAKE mbaya tupu. Isipokuwa wiki moja. Wiki hiyo alikuwa kwake siku zote na zote zilikuwa nzuri. Iliniumiza kichwa sana. Mwishowe nikaandika pembeni, "Amejua ninaandika. Amesimamisha."

Siku moja nikaenda kuwatembelea. Mkwe alipotoka kumpima mteja uani, nikakitia kichupa kwenye mkoba wangu, nikamaliza chai yangu, nikaaga kwa adabu zote. Nilipitia moja kwa moja kwa muuza dawa wa mtaani kwetu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Duka lilikuwa limejaa watu.

Akafungua, akanusa, akatia tone kwenye kidole, akakisugua.

"Umeipata wapi hii, mama?"

"Wewe niambie inaua au haiui."

"Ukinywa chupa nzima utaendesha. Haya ni mafuta ya cherehani."

Duka zima likaangua kicheko. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Mpisheni mama wa watu, cherehani yake inaharisha!"

Nilirudi nyumbani masikio yakiwaka. Lakini sikushawishika. Mwenye akili hataweka sumu kwenye chupa ambayo kila mgeni anaiona; basi yenyewe iko kwingine. Kichupa nikakificha nyuma ya ndoo ya maji, kwa sababu kukirudisha kungehitaji maelezo, na maelezo sikuwa nayo.

Ndipo nikaamua kumtoa mwanangu mle ndani. Nilimkuta mkwe anashona sare za shule.

"Mwanangu, nataka Slesi akae kwangu wiki tatu. Akipumzishe kifua."

Aliuma uzi, akaukata kwa meno. "Aende tu, mama."

"Hukasiriki?"

"Nikikasirika ndiyo atapumua?" Akaweka sare chini. "Lakini mama, akikohoa na huko, utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Niangalie ukisema."

Nikamwangalia. "Nitakuambia."

Slesi alikuwa amesimama mlangoni na begi lake. "Mnanihamisha kama kabati," akasema. "Angalau niulizeni nataka kukaa ukuta upi."

Jumapili na Jumatatu alikuwa salama. Jumanne akaenda kazini kutoka kwangu, na alasiri akarudi. Nilimsikia kabla sijamwona. Filimbi ilikuwa kifuani.

Nilifungua daftari, nikaweka kalamu kwenye mraba wa KWANGU, nikalifunga tena bila kuandika. Jumatano ikawa hivyo hivyo. Nikafua mablanketi yote. Paka wangu nikampa jirani. Jiko la mkaa nikalihamishia nyuma ya nyumba, nikapika nikiwa juani. Alhamisi akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Nikaanza kumtazama vibaya jirani yule yule niliyempa paka, kwa sababu alizoea kumsalimia Slesi kwa muda mrefu mno pale uzioni. Habari za kazi, habari za kifua. Kifua cha mwanangu anakitakia nini?

Mkwe alipiga simu kila siku saa kumi.

"Anaendeleaje, mama?"

"Hajambo."

"Kabisa?"

"Nimesema hajambo."

Slesi naye, akiulizwa na mkewe, alijibu hivyo hivyo ili asimtie hofu. Uongo wangu nauandika hapa kwa sababu ulitokea. Kama aliugua kwake, mkosaji alikuwa mkewe. Sasa ameugua kwangu, ameoga kwa maji yangu, amekula kwa mkono wangu. Niandike nini? Miraba ya siku mbaya ikabaki myeupe, ikafika minane.

Ijumaa ya wiki ya pili alirudi kutoka kazini hakuingia ndani. Alikaa kwenye kizingiti, mikono magotini, mabega yamepanda hadi masikioni. "Ma," akasema, akavuta hewa, "ma." Hakufika mwisho wa neno. Kila akivuta pumzi, ngozi ilizama kati ya mbavu. Kucha zake zilikuwa na rangi ya wino.

Nilipiga kelele. Wa kwanza kutokea alikuwa jirani wa paka, mbio, na funguo za gari mkononi. Tulipokuwa tunambeba, Slesi alinisukumia simu yake. Jina la mkewe lilikuwa tayari kwenye kioo. Nikabonyeza.

Hospitalini walimvika barakoa yenye mvuke wa dawa, mashine ikinguruma pembeni, wakamchoma sindano. Mkwe aliingia na utepe wa kupimia bado uko shingoni. Hakunisalimia. Alishika mguu wa mumewe juu ya shuka, akaushikilia hapo.

Daktari alikuwa binti mdogo, nilidhani ni mwanafunzi. Rangi ya kucha iliporudi, akavuta kiti.

"Hii ni pumu, na haikuanza leo. Dawa hii inazima moto, lakini lazima nijue unawashwa na nini. Inamzidi wakati gani? Inampungua wakati gani?"

Mkwe akasema, "Kwangu inamzidi. Sasa anakaa kwa mama, na kwa mama hakohoi." Akanigeukia. "Si ndiyo, mama?"

Hakuwa ananikejeli. Ndilo lililoniumiza: aliniuliza kwa dhati, kama mtu anayeuliza njia. Slesi naye alinitazama juu ya barakoa. Nilijua kwamba nikisema ndiyo, daktari atakwenda kutafuta moto nyumbani kwa mkwe, na mwanangu atarudi kukaa kizingitini pangu mpaka siku jina langu litakapomshinda kabisa.

Nikatoa daftari mkobani.

"Si kweli," nikasema. "Jumanne ya kwanza alikohoa. Jumatano alikohoa. Siku zote alizokwenda kazini alikohoa. Miraba hii myeupe yote ni mibaya. Sikuandika."

Mkwe alinitazama. Mara hii sikuhitaji kuuliza maneno ameyaweka wapi, yalikuwa machoni.

Daktari alichukua daftari, akalifunua taratibu, ukurasa kwa ukurasa. Akasimama kwenye ile wiki moja. "Hapa alikuwa kwake, na wiki nzima ni nzuri. Umeandika 'amesimamisha.' Nani kasimamisha nini?"

Mkwe aliinama akasoma tarehe, akahesabu kwa vidole. "Wiki hiyo mashine ya kukandia iliungua mota. Bekari ilifungwa. Alikuwa nyumbani ananipigia pasi."

"Bekari?" Daktari akaweka kalamu chini. "Hakuna aliyeniambia anafanya kazi bekari." Akarudia kurasa tangu mwanzo, haraka sasa. "Mama, kila siku nawaomba wagonjwa waniandikie hivi, na hawaandiki. Swali lako halikuwa zuri, lakini siku zako ni za kweli."

Kisha akatueleza. Mwili una walinzi, akasema, kazi yao ni kukamata vijidudu. Kwa watu wengine walinzi hao humshuku asiye na kosa: vumbi la unga, manyoya ya paka, karanga. Wakishamshuku, wanaunda silaha kwa ajili yake na kumvizia. Akipita tena, wanafyatua. "Unga wenyewe haumchomi. Kinachomuumiza ni vita vyao. Njia za hewa zinavimba, zinajibana, zinajaa makohozi. Huo ndio mzio, wengine wanaita aleji."

Sikumwamini. "Miaka saba alivuta unga huo huo, hakupata hata mafua."

"Ndivyo ulivyo. Chuki hii mwili hujifunza polepole. Mara nyingi huanza puani, kisha hushuka kifuani. Ndiyo maana watu hawaushuku unga, wanasema tumeuzoea."

"Na mkate je? Anaula kila siku!"

"Mkate umeiva na unapita tumboni. Vumbi linaingia mapafuni. Mlango si ule ule, mama."

Mkwe akasema polepole, akimtazama mumewe, "Walinzi wa kushuku kila anayepita. Hao kawarithi kwa mama yake."

Slesi akacheka ndani ya barakoa, kicheko kikageuka kikohozi, muuguzi akaja kutugombeza wote watatu. Mimi sikucheka. Lakini sikupinga pia.

Walimpa vidonge vya siku tano na kibomba chenye namba cha kupuliza ili kupima nguvu ya pumzi, apulize kazini na nyumbani kwa wiki mbili, siku nyingine akikaa mbali na unga kabisa, siku nyingine akiingia bekari kwa tahadhari, ili waone. Namba zilishuka kila alipoingia bekari na kupanda alipopumzika. Kisha hospitali kubwa wakamdondoshea mkononi matone ya vitu mbalimbali na kuchoma ngozi kidogo juu ya kila tone. Tone la unga wa ngano lilivimba kama limeumwa na mbu. La ile poda ya kulainisha mkate likavimba zaidi. Mengine yote yalinyamaza, hata la paka. Nilimuomba jirani paka wangu, akakataa.

Dawa nazo nilizishuku. Alipewa mbili za kuvuta. Moja ni ya kifua kikibana, hiyo niliielewa. Ya pili ni ya asubuhi na jioni, ajisikie vibaya au vizuri. Dawa gani hutumiwa na mtu mwenye afya? Watu walishaniambia ukianza za kuvuta zinakutawala. Daktari akanijibu kwamba ile ya kila siku ndiyo inayowatuliza walinzi, kidogo kidogo, na akiiacha kwa sababu yuko salama watarudi kazini. "Lakini kutumia dawa huku anabaki kwenye unga," akasema, "ni kudeki sakafu wakati bomba linavuja."

Hilo ndilo lililomvunja Slesi. Alikaa kwenye kitanda cha wagonjwa akitazama viganja vyake. "Mikono hii inajua kitu kimoja tu," akasema. Mkewe akamjibu, "Itajifunza cha pili. Pasi ulikuwa unaunguza, sasa huunguzi." Mwenye bekari alimhamishia kwenye gari la kupeleka mikate madukani, ikiwa imefungwa kwenye makasha, na akakatazwa kuvuka mlango wa chumba cha kukandia. Akarudi kuishi kwa mkewe. Mkwe aliomba daftari aendelee kuandika yeye, nikampa.

Ningeishia hapo ningeonekana nimejifunza.

Koti la kazi la Slesi, aproni yake na kofia vilibaki vimetundikwa kwenye msumari wa bekari. Nafasi yake pale mashineni ilichukuliwa na mtu mwingine, na mtu huyo alifurahi zaidi ya kipimo, niliona kwa macho yangu. Nguo ya mtu haiachwi mikononi mwa aliyemrithi kazi. Nilikwenda nikazichukua kimya kimya, nikazifunga kwenye mfuko, nikauweka chini ya godoro la kitanda anacholalia Slesi akija kwangu. Hapo hakuna wa kuzigusa. Kufua sikufua. Zilikuwa na harufu ya miaka tisa ya mwanangu, na sabuni ingeimaliza.

Wiki tano baadaye, siku ya Jumatano, mkwe alikuja kwangu peke yake. Halikuwa jambo lake. Aliweka daftari mezani, akalifungua, akaweka kalamu juu yake. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. KWAKE: nzuri, nzuri, nzuri, mistari mizima. KWANGU, Jumapili na Jumatatu: mbaya. Mbaya. Mbaya.

Filimbi hiyo niliisikia kila alipokuja, nikajiambia ni mabaki ya ugonjwa.

"Sisemi kitu, mama," akasema.

"Unasema nimemlisha nini?"

"Sijasema umemlisha."

"Unadhani nina nini humu ndani? Mimi niliyemzaa?" Nilisikia sauti yangu ikipanda, na jasho likinitoka mgongoni kama mwizi aliyeshikwa kwenye ua wa watu. Na yeye aliyabeba haya miezi mingapi, huku anaifunika chai?

"Kwa nini ulikuwa unafunika chai?" nikamuuliza ghafla.

"Inzi, mama."

Kisha akasema, "Nilijua unaandika. Na chupa yangu nilijua nani kaichukua, nilinunua nyingine. Nilinyamaza kwa sababu wewe peke yako ndiye uliyekuwa unahesabu siku zake. Mimi nilikuwa naogopa kuzihesabu." Akanisogezea kalamu. "Sitapekua nyumba yako. Andika wewe mwenyewe."

Nilikwenda chumbani, nikainua godoro. Nilipovuta mfuko, vumbi jeupe lilitoka kwenye mshono, likaelea kwenye mwanga wa dirisha. Mwanangu alikuwa akilaza kifua chake juu ya hilo.

Mkwe, amesimama mlangoni, aliona, akajua mara moja. Nilifikiri atapiga kelele. Alijaza maji ndoo, akauchukua mfuko mikononi mwangu, akauzamisha wote bila kuufungua, akaukandamiza kwa mwiko mpaka mapovu yakaisha. "Zisikung'utwe kavu," akasema. "Na godoro litoke nje. Shika huko." Tukalibeba sote wawili, yeye mbele, mimi nyuma. Maji ya ndoo yalikuwa yamegeuka uji.

Kisha nilikaa mezani, nikaandika kwenye miraba yote ya wiki zile: "Sababu: nguo za kazi. Nilizificha mimi." Nikachukua kichupa nyuma ya ndoo yangu ya maji, nikampa. Akakiinua kwenye mwanga.

"Yamepungua."

"Muuza dawa alitia kidole."

Hapo ndipo nilipomsikia mkwe wangu akicheka kwa sauti kwa mara ya kwanza, miaka sita tangu aingie kwetu.

Jumapili iliyofuata alifunga kazi mapema, wakaja wote. Slesi alilala saa mbili kwenye kile kitanda, juu ya shuka mpya, godoro limepigwa jua siku tatu. Mimi na mkewe tulikaa kwenye viti nje ya mlango wa chumba, tukisikiliza. Filimbi haikusikika. Mkwe akanipa kalamu, nikaandika "nzuri." Kisha nikarudi mlangoni kusikiliza tena, maana siku moja si ushahidi.